Mahali Anapoota Mgombea

Kabla ya alfajiri mto wa kulalia ulitoa mlio mdogo, kama punje ya hindi inayoruka kikaangoni na kugonga mfuniko. Ulilia mara moja, kisha ukanyamaza. Wakesho hakufumbua macho. Harufu ya mapera ilikuwa bado puani mwake, na vidole vya mkono wake wa kulia vilikuwa vimekunjika vile vinavyokunjika vikishika mkono mdogo zaidi. Akauacha mkono hivyo hivyo juu ya blanketi, asiukunjue, mpaka lile joto likaisha lenyewe.

Shali aliingia na taa. Alikuwa dada wa marehemu mume wake, na wawili hao walikuwa wameishi nyumba moja muda mrefu hata wakaanza kukohoa namna moja.

"Umeamka, wifi?"

"Nimeamka nusu."

"Basi hiyo nusu iliyoamka ininyanyulie kichwa."

Wakesho akanyanyua kichwa. Shali akaugeuza mto na kuumulika ule uzi uliopita kwenye pindo lake. Uzi ukiwa wa kijani, ndoto ilikuwa ya hapa. Ukiwa wa kahawia, ilikuwa ya kwingine. Ulikuwa wa kahawia, rangi ya chai iliyolala.

"Mkengeni tena," Shali alisema.

"Tena."

"Ulimwona?"

"Nilimwona. Alikuwa anamenya mapera kwa kucha, nikamwambia atakuwa na mikono michafu, akaificha nyuma."

"Hajambo?"

"Hajambo."

Shali alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyepokea salamu kutoka mbali, akaenda kuwasha jiko. Kila asubuhi aliuliza hivyo. Tangu bonde la Mkengeni lilipofunikwa na maji ya bwawa, na watu wake wakaletwa huku mlimani kwenye nyumba za serikali ya Jimbo, hakuwahi kupitisha asubuhi bila kuuliza habari za Mwadime, ambaye alikufa kwa homa na jino lake la kwanza bado halijang'oka. Wala hakuwahi kumwambia wifi yake kwamba inatosha sasa.

*

Watu wa pale hawakuipa makazi yao jina. Waliyaita Juu tu. Ukiwauliza mnaishi wapi, walisema, tuko huku Juu, kama mtu aliyepanda mti kwa shughuli fulani na atashuka baadaye.

Na Juu ilihitaji mgombea. Bunge la Jimbo lilikuwa karibu kupiga kura kuinua ukuta wa bwawa, na ukuta ukiinuliwa, maji yangepanda mpaka mlango wa shule. Nusu ya watu wangehamishwa mara ya pili. Kiti cha Juu kilikuwa wazi. Asipopatikana mtu wa kusimama, Jimbo lingeteua mtu wake akikalie, na kila mtu alijua mtu huyo angeinua mkono upande gani.

Kwa hiyo walimwendea Wakesho, aliyegawa zamu za maji ya mfereji miaka mingi bila watu kupigana. Masharti mengine aliyapita bila taabu. Umri alikuwa nao, na wa ziada. Kusoma na kuandika alijua. Hakuwa mtumishi wa serikali, hakufungwa, hakufilisika. Wapiga kura wa kumdhamini walijipanga foleni kwake, na mzee Nyambu, jirani yake, alijipanga mara mbili mpaka wakamtoa.

Lililobaki ni ukazi.

Zamani, mtu wa mji mkuu alikuwa akipanga chumba mahali, anatundika koti lake ukutani, na koti linamfanya mkazi. Palikuwa na mheshimiwa mmoja aliyewakilisha watu kipindi kizima, na siku ya mwisho bado aliuliza soko liko upande gani. Watu wakachoka. Sheria mpya ikaja na mito. Mgombea angelala juu ya mto wa Tume ya Uchaguzi, na mto ungesoma ndoto zake zinarudi wapi. Koti unaweza kulitundika popote, lakini ndoto haipangi chumba.

Sheria ilikuwa nzuri. Waliitunga watu waliolala kwao.

Vijana wa Juu walipojaribu mito, walisomwa wakazi wa miji mikubwa ambayo wengine hawajafika. Wazee walisomwa wakazi wa chini ya maji. Mzee Nyambu alisomwa mkazi wa jikoni kwa marehemu mke wake, na hakuona haya.

"Nilikula vizuri," alisema. "Kama kuna Bunge kule, nitasimama."

*

Afisa wa ukazi aliitwa Ekai Lokwawi, kijana mrefu kutoka nchi kavu ya kaskazini. Alipofika asubuhi ile alimkuta Shali na ndoo mbili njiani, akazichukua zote bila kusema kitu, akaziweka jikoni, ndipo akasalimu. Wakesho aliliona hilo. Mtu anayekuamkia akiwa amekwisha kukubebea mzigo, salamu yake ina uzito mwingine.

Akauangalia mto. Akaugeuza, akauangalia tena, kana kwamba uzi ungeona aibu na kubadilika.

"Mama," alisema, "Tume itasoma usiku wa Alhamisi peke yake. Ijumaa majina yanafungwa."

"Na ukiwa wa kahawia?"

"Basi hutasimama."

Alitoa kichupa kidogo mfukoni na kukiweka mezani. Alikiweka polepole, mbali kidogo na mkono wake, kama mtu asiyetaka kitu kionekane ni chake.

"Haya ni matone ya kuhamisha. Yanaruhusiwa. Unaweka chini ya ulimi unapolala. Yanaachisha ndoto njia yake ya zamani, na inatafuta njia ya karibu. Wabunge wengi waliopo sasa walikunywa."

"Na njia ya zamani?"

"Inajifunga."

Wakesho alikitazama kichupa. Ndani yake maji yalikuwa meupe kabisa.

"Mtu uliyekuwa unamkuta huko," aliuliza, "yeye anakwenda wapi?"

"Haendi popote, mama. Wewe ndiye usiyerudi."

Nje mzee Nyambu alikuwa akiita, "Mama Mwadime! Maji yangu ya leo ni ya asubuhi au ya mchana?" Wakesho akamjibu kwamba ni ya mchana, na asiguse lango kabla.

"Mwadime ni mwanao mkubwa?" Ekai aliuliza.

"Ni mdogo," Shali alijibu kabla ya mwenzake. "Yuko Mkengeni."

Kijana aliangalia dirishani, kule chini ambako bwawa lilikuwa limelala bila kukunjamana. Shali akamwongezea chai bila kuombwa.

*

Kichupa kilikaa rafuni, kati ya chumvi na majani ya chai, na wanawake wale wawili wakafanya kazi zao wakikizunguka.

"Sema unavyofikiri," Wakesho alisema. Walikuwa wanachambua maharage ya kimanga, kile chakula cha maharage ya kuponda.

"Mimi sisemi."

"Tangu lini?"

Shali alitupa jiwe dogo dirishani. "Nikisema unywe, nitakuwa nimekunyang'anya mtoto mara ya pili. Nikisema usinywe, watoto wa shule ile watabeba madawati yao kichwani. Nikae kimya, wifi. Kimya changu hakimdhuru mtu."

Siku ya kuhama, Jimbo lilileta watu wa kufukua makaburi, na wazee walikaa wakaamua kufuata mila. Mifupa ya wakubwa ilipanda mlimani. Lakini mtoto ambaye jino lake la kwanza halijang'oka hahamishwi, kwa sababu huyo bado ni wa mahali alipozaliwa. Hakuna aliyebishana. Wakesho pia hakubishana. Alikuwa amesimama na kanga yake mkononi, ile aliyoileta kufungia kile kidogo ambacho kingepatikana, akaambiwa mila ilivyo, akaitandaza kanga mabegani kana kwamba aliileta kwa baridi. Ni Shali peke yake aliyejua kwamba siku ile hapakuwa na baridi.

Sasa Wakesho alijiuliza. Kama atakunywa matone, atakuwa amemwacha Mwadime mara mbili, na mara hii bila mila ya kumsingizia. Kama hatakunywa, mama wengine watasimama na kanga zao, na maji nyuma yao. Alijaribu kuwafikiria mmoja mmoja. Alijua majina yao na zamu zao za maji. Alijua nani huchelewa kufunga lango kwa sababu ana mtoto mgonjwa, na nani humfungia lango mwenzake kimya kimya asilaumiwe.

Jumatano jioni alikitoa kichupa rafuni na kukiweka kando ya mto. Hakukifungua. Shali alikiona, akapita.

*

Alhamisi Ekai alikuja shambani kwa Wakesho kuaga, maana alikuwa na mito mingine ya kusoma katika vilima vya mbele, na angerudi asubuhi ya Ijumaa. Wakesho alikuwa amevuna kunde. Kijana akabeba kikapu, wakashuka pamoja mpaka nyumbani. Shali alikuwa kisimani. Mlango ulikuwa umefungwa kwa komeo la nje, nyumba haina mtu.

Wakesho akafungua komeo, akasimama kizingitini, akasema, "Hodi."

Kisha akaingia.

Ekai alibaki nje na kikapu. "Mama, mbona unapiga hodi kwako?"

"Nimepiga?"

"Umepiga."

Alicheka. "Ndivyo tulivyozoea. Huku Juu kila mtu hupiga."

"Hata nyumba ikiwa tupu?"

"Siku ya kwanza tulipopewa funguo tulipiga, kwa kuwa nyumba zilikuwa za Jimbo, na hatukujua kama ndani kuna mtu wa Jimbo. Watoto wakasikia, wakajifunza. Ni adabu tu."

Kijana aliweka kikapu chini, akakaa kwenye ngazi. Akaanza kuchora kwa kidole vumbini.

"Naomba nikueleze jinsi mto unavyosoma," alisema. "Watu wengi hudhani unaona picha. Unaona mti fulani, unasema hapa ni mahali fulani. Hapana. Mto hauna macho. Unasikiliza mwili. Kuna kitu kinatokea kwa mtu anapovuka kizingiti, hata ndotoni. Anapoingia kwake, mabega yanashuka na pumzi inakuwa ndefu. Anapoingia kwa watu, mwili unajikaza kidogo, hata kwa watu anaowapenda, maana mgeni anajiandaa kuonekana. Mto unapima hicho tu. Pale ambapo mwili unalegea, unasema hapa ndipo kwake."

Wakesho alikuwa amekaa pembeni yake.

"Kwa hiyo Mkengeni ninaingia nimelegea."

"Ndiyo."

"Na hapa ninapiga hodi."

"Miaka yote," Ekai alisema kwa upole. "Ninyi nyote."

Upepo ulipita kwenye mahindi. Wakesho alihesabu kimoyomoyo majirani, akawaona wote wamesimama milangoni mwao wenyewe, wakubwa kwa watoto, wanaomba ruhusa kwa nyumba tupu.

"Wewe je?" aliuliza. "Mto wako unasemaje?"

"Mimi nina kibanda cha mama yangu. Mji ninakoishi sijawahi kuuota hata usiku mmoja. Kule siwezi kugombea hata uongozi wa mtaa." Akatabasamu. "Mama alikufa mwaka wa kiangazi kile kirefu. Bado ninaingia kwa kuinama, kwa sababu mlango ulikuwa mfupi."

"Na matone unayo mfukoni kila siku."

"Kila siku, mama."

Wakesho aliingia ndani, akamfungia kimanga katika jani la mgomba, kikubwa cha kumtosha njia nzima.

"Nikijifunza kupiga hodi kule," alisema alipompa, "nitakuwa ninaidanganya Tume?"

"Sheria inauliza kwako ni wapi. Haijasema mtu asifanye uamuzi." Alikipokea kimanga kwa mikono miwili. "Lakini sijui kama inawezekana. Sijaona mtu aliyefanya. Matone yana hakika, na hii haina."

*

Alipokwisha kwenda, Wakesho alitoka nje, akafunga mlango, akasimama mbele yake. Mdomo ulikuwa tayari kwa lile neno. Akaufumba. Akafungua na kuingia bila kusema kitu, na ikawa kama kuingia maji ya baridi. Alitazama huku na huku, kama mwizi. Kuta zile zile, rafu ile ile. Akatoka tena, akaingia tena. Shali alirudi na ndoo, akamkuta anaingia na kutoka.

"Kuna nini?"

"Ingia bila hodi."

"Wenye nyumba wamenikosea nini?"

"Wenye nyumba ni akina nani, wifi?"

Shali akaitua ndoo, akaingia bila neno, akaenda moja kwa moja kukaa kwenye kiti cha dirishani. Akakaa hapo, mikono mapajani. Baada ya muda machozi yalimtoka, naye akayaacha yatoke.

"Nyumba hii ina mwanga mzuri," alisema. "Sikuwahi kuona."

Usiku ulipoingia Wakesho alikishika kichupa, akakipima mkononi. Akakirudisha kati ya chumvi na majani ya chai, akalala.

*

Ijumaa asubuhi Ekai alifika na vumbi la njia nzima miguuni. Watu walikuwa wamejaa uani. Mzee Nyambu alikuwa ameleta kiti chake mwenyewe ili ahuzunike akiwa amekaa. Shali alitoka na mto, ameubeba kama kitoto kichanga, akaugeuza.

Uzi ulikuwa wa kijani.

Ekai aliuangalia kwa muda mrefu. Akamtazama Wakesho, akakitazama kichupa alichorudishiwa, kimejaa mpaka shingoni. Akaandika jina lake na kulisoma kwa sauti, Wakesho Mnjama, mkazi wa Juu, mgombea wa Bunge la Jimbo. Watu hawakupiga kelele. Walishikana mikono, kwa zamu, kama wafanyavyo kwenye mfereji lango likifunguka. Mmoja aliuliza alifanyaje, naye akawaambia, "Mkienda nyumbani leo, msipige hodi." Wakadhani ni hotuba yake ya kwanza, na hawakuielewa, lakini walikwenda wakafanya.

Lililobaki la usiku ule hakuwaambia. Alimwambia Shali peke yake, baadaye, walipokuwa wanakunja blanketi, maana ndiye aliyeuliza kama hajambo.

Alikuwa ameshuka Mkengeni mchana wa jua jepesi, na mfereji unaongea pembeni. Mlango wa nyumba yake ulikuwa wazi kama siku zote. Ndani alimwona Mwadime amekaa kwenye mkeka, mgongo umeelekea mlangoni, anapanga kokoto. Miguu yake ilitaka kuingia. Mabega yalikuwa yameanza kushuka. Aliishika miimo ya mlango kwa mikono miwili, akasema, "Hodi."

Mtoto hakugeuka mara moja.

"Hodi, Mwadime."

Akageuka. Alimtazama mama yake pale mlangoni, akatazama mkeka, akatazama tena mlangoni, na taratibu akaelewa, kama watoto wanavyoelewa mambo ambayo hawakuambiwa. Akasimama. Akajikung'uta magoti.

"Karibu," alisema.

Akamletea kigoda, akakivuta kwa mikono miwili maana kilikuwa kizito. Akamletea maji ya kunawa, na nusu ya maji yakamwagika njiani. Wakesho alitaka kuinuka amsaidie, akajizuia, kwa kuwa mgeni hamnyang'anyi mwenyeji jagi. Akakaa wima, mwili umejikaza kidogo, akanawa kwa yale maji yaliyobaki.

"Unakaa wapi sasa?" mtoto aliuliza.

"Kule juu. Nina kazi kule. Kuna watoto, na maji yanataka kupanda."

"Wengi?"

"Wengi."

Alifikiri juu ya hilo. "Sisi pia tuko wengi huku. Tunacheza. Usituonee huruma."

"Siwaonei."

"Unatuonea," alisema, na akacheka kile kicheko chake kilichokosa sauti.

Walikaa. Kuku aliingia, akatazama, akatoka. Jua lilisogea sakafuni mpaka vidoleni pa Wakesho, naye akajua kwamba mgeni mwema hangoji kuambiwa. Akainuka. Zamani alikuwa hatoki, ndoto ndiyo iliyokuwa ikimtoa. Sasa alitoka kwa miguu yake, na mtoto akamsindikiza mpaka njiani, kama inavyostahili.

"Nimekuja bila kitu," Wakesho alisema. "Hata mkate sikuleta. Nimeona haya."

Mwadime akamshika kidole kimoja, akakivuta ili ainame.

"Uje tena," alisema. "Uje hata na mikono mitupu."